Bendera shuleni Siku ya Nyerere na Siku ya Uhuru

Mwalimu, umeuliza kama Oktoba 14 bendera ya shule ipepee nusu mlingoti, kwa kuwa ndiyo siku aliyofariki Baba wa Taifa, kisha Desemba 9 ifike juu kabisa. Nia ni njema, ila nusu mlingoti si uamuzi wa shule. Hutangazwa na Rais, kama ilivyokuwa Machi 2021 alipofariki Rais Magufuli, tukaomboleza siku 21. Pasipo tangazo, ipandisheni mpaka juu siku zote mbili.

Likitoka tangazo, bendera ifike kileleni kwanza, itulie kidogo, ndipo ishushwe hadi nusu. Jioni vilevile: irudi kileleni, kisha iteremke. Wengi wanairuka hatua hii, na inaniuma kuona.

Kabla ya kufunga kamba tazameni rangi. Kijani kiwe juu, upande wa mlingoti; buluu iwe chini, upande unaopepea. Nimeiona ikipinduliwa mara nyingi, hata maofisini, kwa hiyo wafundisheni skauti wenu hilo kabla ya gwaride lolote. Kupandisha ni saa 12 asubuhi, kushusha saa 12 jioni, wote waliopo wasimame wima. Isiguse ardhi. Iliyochanika au kupauka msiipandishe.

Lile wazo lenu jingine, la kuchapa nembo ya Taifa kwenye fulana za kuuza, lisimamisheni kwanza. Ipo Sheria ya Nembo za Taifa. Nendeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, mpate jibu kwa maandishi.