Nadharia za Makuzi na Haiba kwa Mshauri Nasaha Anayeanza

Wanafunzi wengi wa ushauri nasaha huzitaja hatua nane za maisha, tangu utotoni hadi uzeeni, za mwanasaikolojia Erik Erikson bila kusita, lakini mteja wa kwanza akishaketi mbele yao hawajui hatua hizo ziingie wapi. Wamezisoma kama majibu ya mtihani. Kazini, nadharia ina thamani pale inapokupa swali ambalo usingelifikiria peke yako.

Anza kwa kutenganisha makundi mawili ambayo mitaala hupenda kuyaweka katika somo moja. Nadharia za makuzi, kama za Jean Piaget (kuhusu fikra za watoto), Erikson na John Bowlby (kuhusu mshikamano wa mtoto na mlezi), hueleza mtu hubadilika vipi kadiri umri unavyosogea. Nadharia za haiba, yaani hulka ya mtu inayodumu, hueleza kwa nini watu wawili wa rika moja, waliofikwa na jambo lile lile, hulipokea kwa namna mbili tofauti. Ukizichanganya, kijana wa miaka 15 anayebadili marafiki na misimamo kila baada ya miezi michache utamwandika kuwa ana hulka ya kuyumba, kumbe unautazama umri wake. Kwa hiyo swali la kwanza daftarini liwe: je, ninachokiona ni cha kawaida kwa umri huu? Ukishalijibu, uliza la pili: je, alikuwa hivi hata kabla tatizo halijaanza?

Kwa watoto, Piaget bado ana msaada mkubwa, ingawa watafiti waliomfuata wameonyesha kwamba watoto huweza mengi mapema kuliko alivyodhani. Umri alioutaja kwa hatua zake za kufikiri (takriban miaka 2 hadi 7, 7 hadi 11, kisha 11 na kuendelea) uchukue kama makadirio. Mtoto wa miaka 5 hupata shida kuona mambo kwa upande wa mtu mwingine, na wazazi wakitengana anaweza kuamini kwamba yeye ndiye chanzo. Usisubiri alitamke hilo. Mwambie kwa maneno mafupi kwamba wakubwa ndio walioamua, hakuna alichofanya kikasababisha hayo, kisha rudia katika vikao vinavyofuata. Mtoto wa miaka 9 hufikiri kwa mpangilio mzuri, ila juu ya mambo aliyoyaona au anayoyakumbuka. Ukimuuliza kukataliwa kuna maana gani kwake, atanyamaza, nawe utaandika kwamba hashirikiani. Muulize nini kilianza, nani alikuwepo, yeye alifanya nini, tumbo au kifua kilikuwaje. Mpe karatasi achore.

Erikson, aliyechapisha hatua zake mwaka 1950, husomwa vibaya kama ngazi ya kufaulu na kufeli. Yeye alizungumzia uwiano kati ya pande mbili katika kila hatua, kama kuamini na kutoamini kwa mtoto mchanga. Hata kutoamini kuna kazi yake, maana mtoto anayemwamini kila mtu yuko hatarini. Tena swali la zamani linaweza kufunguka upya: mtu wa miaka 50 aliyepoteza kazi anaweza kujikuta akiuliza “mimi ni nani” kama kijana.

Katika eneo hili la utambulisho, mwanasaikolojia James Marcia (1966) ndiye anayefaa kusomwa kwa utulivu kuliko wote, na kwa bahati mbaya ndiye anayerukwa. Aliuliza mambo mawili tu: kijana amechunguza njia mbalimbali? Amejifunga na mojawapo? Hapo hupatikana hali nne. Asiyechunguza wala kujifunga anaelea. Aliyechunguza kisha akajifunga ameupata utambulisho wake. Mbili zilizobaki ndizo zinazowapotosha washauri wapya. Kijana aliyejifunga bila kuchunguza, kwa mfano anayesomea fani aliyochaguliwa na baba, huonekana ametulia na ana adabu, na mshauri hufunga jalada mapema. Aliye katikati ya kuchunguza huonekana amevurugika: ana wasiwasi, anabishana nyumbani, anataka kuacha kozi. Huyu mara nyingi anasonga mbele, na ukiharakisha kumtuliza utamkatiza. Ili kuwatofautisha, uliza: “Kabla ya kuamua hivi, ulifikiria njia gani nyingine?” na “Ukibadili uamuzi huu, nani ataumia?” Jibu la swali la pili huwa refu zaidi.

Nadharia ya mshikamano kati ya mtoto na mlezi ndiyo inayotumiwa hovyo siku hizi. Mtafiti Mary Ainsworth aliwatazama watoto wa takriban mwaka mmoja katika vipindi vinane vifupi vya kutenganishwa na mlezi na kukutana naye tena. Kilichotazamwa zaidi ni namna mtoto anavyompokea mlezi anaporudi. Kundi analopewa, kama la mshikamano salama au usio salama, linaeleza uhusiano wake na mlezi yule, na kwa mlezi mwingine anaweza kuwa tofauti. Kumbandika mtu mzima jina la kundi hilo baada ya kikao kimoja ni kuvuka mpaka. Andika unachokiona: “Nikigusa habari za mama yake, hutania na kubadili mada.” Sentensi hiyo unaweza kuifanyia kazi.

Kwenye haiba, modeli ya sifa tano (uwazi kwa mambo mapya, nidhamu, uchangamfu, upole kwa wenzake, na wepesi wa kuyumba kihisia) ina ushahidi mzuri kuliko vipimo vinavyogawa watu katika aina. Hizi ni mizani yenye viwango, na watu wengi huangukia katikati. Hatari yake ni wakati wa kupima: mteja mwenye sonona hupata alama za juu za kuyumba kihisia, nazo hushuka akipata nafuu. Subiri, au muulize alivyokuwa kabla ya kuugua. Kumbuka pia jaribio la mwanasaikolojia Bertram Forer la mwaka 1948: wanafunzi walipewa maelezo yale yale ya haiba, na wengi wakaona yamewalenga wao hasa. Sentensi yoyote katika ripoti yako inayoweza kumfaa kila mtu, ifute.

Sasa namna ya kuandika. Chukua ukurasa mmoja, gawa safu tatu: nilichosikia au kuona, ninachodhani, na kitakachoonyesha nimekosea. Dhana zisizidi tatu, nadharia zisizidi mbili, moja ya makuzi na moja ya haiba. Safu ya tatu ndiyo ngumu, na ikibaki tupu, dhana hiyo bado ni imani yako tu. Ukidhani kijana wa miaka 19 anaacha chuo kwa sababu anachunguza utambulisho wake, utakuwa umekosea iwapo hakuna kingine kinachomvutia na ameacha pia michezo, marafiki na chakula. Hapo ondoka kwenye Marcia mara moja, chunguza sonona na umuulize waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua.

Kabla hujaupeleka ukurasa huo kwa msimamizi, upitishe kwa Urie Bronfenbrenner, aliyeeleza kwamba mtu hukua ndani ya mazingira yanayomzunguka: familia, shule au kazi, kipato, sheria, mila. Mara nyingi kinachoitwa ukosefu wa nidhamu ni mtu anayepata usingizi wa saa nne tu kila usiku kwa sababu ana kazi mbili. Na nadharia zenyewe zina kwao: Kohlberg alijenga hatua zake za maadili kwa kuwahoji wavulana wa Marekani, jambo ambalo Carol Gilligan alilikosoa mwaka 1982. Mteja anayeamua mambo makubwa pamoja na wazee wake, muulize kwanza kama yeye mwenyewe analiona hilo kuwa tatizo.