Mumeo haichukii sanaa, anachukia hasara

"Shangazi, mimi ni mchoraji, naishi Likoni. Nimechora ukuta wa mkahawa mmoja Nyali siku 9 kwa shilingi 15,000. Rangi ilikula 9,500, nauli 200 kila siku. Mwenye mkahawa ameniahidi kazi nyingine, lakini mume wangu haithamini sanaa yangu. Ananiita mtumwa wa watu, na sasa amekataa kunipa hela za rangi. Nifanyeje?"

Pole mwanangu, mtumwa ni neno zito. Lakini mumeo sikumwona na kosa jingine. Wasema amekataa kukupa hela za rangi. Kumbe alikuwa akizitoa! Mkahawa uko Nyali, anayeulipia rangi yuko Likoni.

Toa rangi, toa nauli 1,800, umebaki na 3,700. Ukichora saa 6 kwa siku, ni saa 54. Umelipwa shilingi 68 na ushei kwa saa, juani, juu ya ngazi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Bei haitokani na uso wa mteja. Tuseme nyumba yahitaji 40,000 kwako kwa mwezi, na brashi, bando na simu ni 8,000: jumla 48,000. Usigawanye kwa saa zote, maana nusu huishia kutafuta wateja na kupima kuta. Gawanya kwa 80 za kuchora, upate 600 kwa saa. Ukuta ule basi ni 32,400, ujumlishe rangi na nauli, 43,700. Ongeza sehemu ya kumi kwa dharura, kwani kuta za pwani hutoa chumvi, na rangi ikipakwa juu yake bila kukwangua hubambuka, nawe utaitwa urudie bure. Mwambie mteja 48,000.

Akilia ghali, usipunguze bei tupu. Punguza kazi: ondoa jahazi mchoroni, fupisha ukuta. Nusu ya pesa iingie kabla hujanunua hata kopo moja, theluthi nyingine akishaukubali mchoro wa penseli ukutani, salio siku ya kumaliza. Marekebisho mawili kwenye karatasi ni bure. Baada ya hapo yalipiwe kwa saa. Ile "ongeza kidogo hapa" ndiyo inayozaa siku 9 kutoka 5.

Na muandikiane. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huchukulia kuwa haki za kazi iliyoagizwa zimehamia kwa aliyeiagiza, ila mkipatana vingine. Pasipo karatasi, akiuchapa mchoro wako kwenye fulana akauza, huenda usiwe na malipo ya kudai. Andika: ni wa ukuta huu tu, matumizi mengine yalipiwe.

Ndoa za siku hizi zinaniuma. Kila mtu na simu yake, pesa zaingia na kutoka M-Pesa mwenzako hajui, kisha mmoja akiuliza aonekana adui. Mume anayeuliza hesabu bado yumo nyumbani na wewe.

Leo usiku akishakula, mwekee daftari mbele, ukuta ule umeandikwa mstari kwa mstari, pamoja na pesa zake za rangi unazopaswa kumrudishia. Ile kazi ya ahadi usiiguse mpaka nusu iingie.