Dogo anataka vitabu vya katuni tu? Muache asome

Mdau hapo juu kauliza, mwanae wa darasa la pili anavikimbia vitabu vya hadithi, anataka vya katuni za kuchekesha tu, je amnyang'anye. Usithubutu. Mi niko Mikindani huku Mtwara na wa kwangu alikuwa hivyohivyo, tena yeye hata kununuliwa hakununuliwa, katuni zilimjia na korosho.

Mama yangu anauza korosho za kukaanga barazani, anafungia kwenye karatasi za magazeti ya zamani, na kazi ya dogo ilikuwa kuzikata. Kusoma alikuwa anajua, maana kwenye hii KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) ya shule silabi wanazikariri mpaka wanaziota, na Kiswahili ukishaishika ba be bi bo bu karibu kila neno unalitamka. Ila mpe ukurasa umejaa maandishi, atakutamkia mpaka mwisho alafu muulize kasoma nini, kimya.

Siku hiyo kakutana na katuni, baba kavaa kanzu anatabasamu, mbele yake mama kashika mwiko. Dogo kaangalia picha tu kasema "huyu anasalimia", anataka kukata. Bibi yake maandishi madogo hayaoni, akamwambia, "Hebu nisomee mjukuu wangu, anasemaje?" Akaanza, si-ja-i-ba ku-ku. Akanyamaza. Akarudi kwenye picha, ndo kuona manyoya yanachungulia nyuma ya kanzu, we! alicheka mpaka akajigaragaza mkekani, korosho zikamwagika na bibi hata hakugomba, na huyo bibi kwa korosho zake simwambii mtu.

Hapo ndo nikaelewa. Picha peke yake haichekeshi, maneno peke yake hayachekeshi, mpaka mtoto asome vyote aunganishe mwenyewe, na akikosea neno kicheko kinampita kwahiyo anarudia bila kulazimishwa na mtu. Katuni za kwenye simu hata akisinzia zinaendelea, hii ya karatasi asiposoma haisogei. Na zile PUU! CHUBWI! za herufi kubwa alikuwa anazisoma kwa kupiga kelele nyumba ya tatu wanasikia. Kuna ukurasa mwisho wake ulishakatwa ukaenda na mteja, akachukua daftari akachora mwisho wake, maneno kaandika "nimekufwa", sikumsahihisha siku ile.

Mwalimu mmoja aliwahi kumnyang'anya eti huko siyo kusoma. Nikacheka tu, sisi wenyewe tumekua tunagombania Sani, lile gazeti la katuni za kina Ndumilakuwili na Lodilofa, mpaka gazeti linachanika katikati. Japo zile zilikuwa na mambo ya kikubwa humo, kwahiyo pitia kwanza wewe kabla hujampa. Kingine, vingi vya nje ni vya Kingereza, mtoto wa shule ya Kiswahili anafunua picha tu we unadhani anasoma. Tafuta vya Kiswahili, ukikosa chora mwenyewe hata vijiti, wangu nilimchorea fisi anadaiwa na muuza pweza, mchoro mbaya kweli lakini kausoma mpaka karatasi ikalegea.

Sa hivi yuko la nne, hadithi ndefu anasoma, na magazeti hayamtoshi tena. Kahamia kwenye kanga za bibi zikiwa zimeanikwa, anasoma majina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, kwa sauti jirani akipita, na kuna moja bibi kaiondoa kambani ikiwa mbichi.