Miezi saba bila kupanda pantoni

Kwa miezi saba sikupanda pantoni. Mtu anayeishi Kigamboni na riziki yake iko soko la samaki la Feri akikwambia hivyo, jua kuna jambo. Nilikuwa nazunguka na daladala kupitia darajani, nashuka, napanda nyingine hadi Posta, ndipo natembea na ndoo yangu mpaka sokoni. Nikifika, vibua wazuri wameshaondoka. Nauli ya pantoni ni shilingi 200 na maji yale unayavuka kwa dakika chache, lakini mle ndani hakuna pa kujificha. Mnasimama bega kwa bega. Na wenzangu wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana pesa, huvuka saa kumi na moja alfajiri, saa ileile yangu.

Nilikuwa mweka hazina wao. Kikoba chetu kilianzia ndani ya jumuiya ya kanisa, tulikuwa wanawake 22, na sanduku letu lilikuwa na kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Sandukuni nisingeweza kugusa kitu. Lakini wasioweza kufika kikaoni walikuwa wanatuma marejesho kwenye simu yangu, na pesa inalala kwangu mpaka Jumamosi. Mwezi huo mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nilipungukiwa shilingi 480,000. Nikajiambia nitarudisha kabla ya kikao. Jumamosi ya kwanza nikasema mtandao unasumbua. Ya pili nikasema naumwa. Ya tatu mwenyekiti akaniomba, kwa sauti ya upole kabisa, nifungue salio la simu mbele ya wote.

Lilikuwa shilingi 3,150. Namba hiyo sijaisahau.

Hawakunipeleka polisi. Tukaandikiana, nikalipa kwa miezi mitano, kidogokidogo, mpaka ikaisha. Mwenyekiti akaniandikia kwamba sidaiwi. Nilidhani siku hiyo nitalala usingizi, na sikulala. Deni lilikwisha, aibu ikabaki palepale. Kila usiku nilipiga magoti na kutubu kosa lilelile, kama mtu anayelipa mkopo ambao tayari umefutwa daftarini. Jumuiya niliacha. Jumapili nilikwenda kanisa kubwa mjini ambako hakuna anayenijua, nakaa benchi la nyuma, nawahi kutoka kabla ya baraka. Dar es Salaam inaruhusu hilo: ukiharibu huku, daladala moja tu inakufikisha kwa watu wapya.

Aliyenitoa huko ni mama mmoja mzee wa jumuiya yetu, mjane, wote tunamwita Bibi. Alikuja jioni bila taarifa, akanikuta nawasha jiko la mkaa ili nikaange. Akavuta kigoda, akakaa. Hakuniuliza kwa nini sionekani. Aliniangalia nikipepea, kisha akasema, "Mwanangu, Yuda naye alirudisha hela."

Sikumwelewa. Nilikasirika hata, nikaona ananifananisha na msaliti. Akaniambia nisome mwenyewe Mathayo 27. Nilisoma usiku ule. Yuda alijuta. Alivirudisha vile vipande 30 vya fedha, akakiri kwa kinywa chake kwamba amekosa. Makuhani wakamjibu kwamba hilo ni lake mwenyewe. Akatoka, akaenda peke yake, na tunajua alivyoishia. Petro naye usiku huohuo alimkana Bwana mara tatu, akalia kwa uchungu. Lakini ukifika Yohana 21 unamkuta Petro katikati ya wenzake. Anasema anakwenda kuvua samaki, nao wanamwambia watakwenda pamoja naye. Hao ni watu waliojua alichofanya! Wakapanda naye chombo kimoja.

Kisha lile jambo la makaa, ambalo mimi muuza samaki nilipaswa kuwa nimeliona zamani. Petro alimkana Yesu akiwa anaota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Waliposhuka pwani asubuhi ile, walikuta moto wa makaa, na samaki juu yake. Harufu ya mkaa mnaijua, inaingia kwenye nguo na haitoki kwa siku moja. Naamini Petro aliponusa harufu ile moyo ulimshtuka. Na hapohapo, kwenye harufu ileile, Bwana akamlisha kwanza, ndipo akamuuliza mara tatu kama anampenda. Hakumpeleka mahali ambapo hakuna kumbukumbu.

Dada yangu unayesoma hapa, hilo ndilo ninalotaka kukuambia. Msamaha wa Mungu unaupata chumbani kwako, umefunga mlango, na ni wa kweli. Ila aibu haitoki chumbani. Inatoka unaporudi mahali ulipoitwa jina lako na watu wanaojua.

Kabla sijaendelea, kuna wanawake ambao maneno haya ya kutubu hayawahusu. Kama ulibakwa, kama mjomba au jirani alikuchezea ukiwa mtoto, huna cha kutubia. Tamari katika 2 Samweli 13 alijipaka majivu na kurarua vazi lake, na dhambi ilikuwa ya kaka yake. Aibu hiyo si yako, ni ya aliyekutenda. Ukiwa tayari, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, nenda na mtu unayemwamini. Na yeyote ambaye usiku anafikia kuona ni heri asiamke, aende hospitali. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili. Kwenda kwa daktari si kukosa imani.

Kwa sisi tuliokosa kweli, iwe ni pesa, iwe ni mimba uliyoitoa ukiwa chuo, iwe ni ndoa uliyoivuruga mwenyewe: anza na mwanamke mmoja tu. Chagua mtu mzima ambaye hujawahi kumsikia akisimulia siri ya mwingine. Ukimsikia anaanza na "usimwambie mtu, lakini mama fulani...", huyo mwache. Usianzie kwenye kipaza sauti, wala usikubali kusukumwa utoe ushuhuda kabla hujawa tayari. Nimeona wanawake wakitoa ushuhuda Jumapili na Jumatatu wanasemwa kisimani. Cha kurudisha kirudishe. Wa kuombwa radhi muombe yeye mwenyewe, kwa jina, na usiongeze "lakini" mwishoni.

Kisha rudi. Mimi nilirudi jumuiya Jumamosi moja nikiwa nimeshikwa mkono na Bibi, tumechelewa, nyimbo zimeshaanza. Wawili walinihama, wakakaa mkeka wa pili. Mmoja hajanisalimia vizuri mpaka leo, na sina haki ya kumdai. Uweka hazina sikurudishiwa, na naona walifanya vema, kwa sababu kusamehewa na kukabidhiwa funguo ni mambo mawili. Nilikalia mkeka nikaimba. Zaburi ya 32 inasema mtu aliponyamaza mifupa yake ilichakaa. Siku ile nilihisi mifupa inapumzika.

Pantoni nilichelewa kuipanda, nilihitaji wiki nyingine mbili. Alfajiri hiyo kulikuwa na upepo na watu walikuwa wengi. Nikasimama karibu na kingo, nimeangalia maji. Nikasikia naguswa bega. Alikuwa mwenzetu wa kikoba, mmoja wa wale ambao marejesho yao nilikula. Mtoto alikuwa mgongoni anateleza, kanga imelegea.

"Nishikie hii, nimfunge huyu vizuri," akasema, akanipa pochi yake.

Ilikuwa nzito, ya mtu anayekwenda kununua mzigo. Alimfunga mtoto, akaweka vizuri ndoo yake, tukaanza kuongea habari za bei ya dagaa. Pochi hakuiomba mpaka tulipofika Magogoni, ng'ambo ya mjini.