Kabla ya kununua chochote, mtafutieni mama wa mtoto mtu wa pili wa kumlisha mtoto

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba mdogo wako wa Uyole ana mtoto wa miaka minne mwenye mtindio wa ubongo, yaani jeraha la ubongo linalomfanya ashindwe kuutawala mwili wake, na kwamba ukoo umeshachanga fedha lakini hamjaelewana zitumikeje: wengine wanataka kiti cha magurudumu, wengine wanataka mtoto apelekwe Dar es Salaam akatibiwe apone, na bibi yake anataka aombewe kwanza. Nami ninamlea binti mwenye hali hiyohiyo hapa Mbeya, na sasa amekuwa mkubwa kiasi kwamba mgongoni habebeki tena, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyapitia.

Swali la kwanza ambalo ukoo unapaswa kujiuliza ni hili: mbali na mama yake, ni nani anayeweza kumlisha mtoto huyo? Katika familia nyingi ninazozifahamu jibu ni kwamba hakuna, na hapo ndipo mama anapochakaa, anapoacha biashara yake, anapokosa misiba na vikao, mpaka watu wanaanza kusema amejitenga.

Kulisha mtoto wa namna hii ni kazi yenye ufundi wake. Binti yangu alipokuwa na umri huo, bakuli moja la uji lilichukua karibu saa nzima. Mtoto huketishwa wima, kichwa kikiinama mbele kidogo; uji huwa mzito, kijiko huwa kidogo, kinawekwa katikati ya ulimi na kukandamizwa taratibu, kisha unasubiri mpaka ameze ndipo uongeze. Akilishwa amelala chali, au kichwa kikiwa kimerudi nyuma, chakula huingia kwenye njia ya hewa, na nimonia za kila mara kwa watoto hawa mara nyingi huanzia hapo. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, nimonia si jambo la kuchezea.

Wifi yangu ndiye aliyejifunza. Alikaa nami jikoni akitazama, baadaye akashika kijiko mimi nikiwa pembeni, na alipozoea akawa anakuja kila Jumamosi asubuhi bila kusubiri kuitwa. Jumamosi ya kwanza nililala mpaka mchana. Zilizofuata nilirudi kuuza sokoni Mwanjelwa. Nimepokea khanga, sukari na maneno mengi ya pole, na ninawashukuru wote waliovileta, lakini kilichoniwezesha kuendelea ni kujua kwamba Jumamosi ipo.

Kuhusu safari ya Dar es Salaam, wanandugu waelezwe ukweli kwa upole. Mtindio wa ubongo ni jeraha la ubongo unaokua, linalotokea kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo, kwa sababu kama vile kukosa hewa, manjano makali ya mtoto mchanga (ngozi na macho kuwa ya njano) au homa ya uti wa mgongo. Hakuna dawa wala upasuaji wa kuliondoa jeraha lenyewe. Ila misuli isiyofanyishwa mazoezi hukaza na viungo hukunjamana, na mazoezi hayo yanahitaji kurudiwa nyumbani kila siku, jambo ambalo safari moja ya mbali haiwezi kulifanya. Anzeni na wataalamu wa mazoezi ya viungo katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Ikiwa mtoto ana kifafa, kama walivyo wengi wao, dawa zake zisikatizwe hata siku moja bila kauli ya daktari. Bibi aombe, na sala zake zina nafasi. Asiruhusiwe mtu yeyote kuwaambia waache dawa kwa ajili ya maombi.

Kiti cha magurudumu cha dukani msikinunue kwa kukisia. Mtoto asiyeweza kushikilia kiwiliwili chake huteleza ndani ya kiti kikubwa, na uti wa mgongo hupinda. Kwa umri wake, fundi seremala akipewa vipimo na mtaalamu anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye mkanda, kizuizi katikati ya mapaja na meza ya mbele, na mtoto atakitumia kulia chakula na kuchezea. Fedha itakayobaki iwekwe kwa ajili ya nauli ya bajaji ya siku za kliniki, kwa kuwa kumpandisha daladala mtoto aliyekakamaa, abiria wakiguna na konda akiharakisha, ni mateso ambayo huwafanya akina mama wengi waache kliniki.

Kwa upande wa serikali, sera inasamehe malipo ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, kwa hiyo bima ishughulikiwe sasa kabla hajatimiza mitano. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri mtoto aandikishwe, na afisa elimu maalumu aulizwe mapema ni shule gani ya msingi yenye kitengo kinachomfaa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu na matibabu, na mzazi anayeitaja kwa heshima husikilizwa zaidi.

Hukumtaja baba wa mtoto. Kama yupo, wanaume wa ukoo wazungumze naye, na aonyeshwe kazi hii ya kumlisha mtoto kama anavyoonyeshwa mwingine yeyote; nimeona akina baba wakirudi karibu na watoto wao baada ya kupewa kijiko mkononi.

Mkishakubaliana nani atajifunza, aandamane na mama siku ya kliniki, na wabebe bakuli, kijiko na uji wa mtoto, kwa sababu mtaalamu atahitaji kumwona akila.