Gunia gani hilo?

Juzi dada mmoja wa Makambako ameniandikia: "Kaka, nina digrii ya kwanza tu. Nikihakiki makala ya kisayansi, nani atanisikiliza?" Nilicheka, halafu nikaumia, maana swali hilo nalijua.

Anazungumzia makala za awali, zile ambazo watafiti huziweka mtandaoni kabla jarida halijazipitisha. Tovuti ya bioRxiv inapokea za biolojia tangu 2013. Kusoma ni bure na maoni yanapokelewa. Nikiwa nasomea shahada ya umahiri nilikutana na moja ya mbolea na mavuno ya viazi mviringo huku kwetu nyanda za juu. Nikamwambia mkubwa mmoja kwamba nataka kuihakiki. "Chapisha zako kwanza," akanijibu mbele za watu. Wakacheka. Nikaiacha miezi minne. Sijasahau, na sioni kwa nini nisahau.

Aliyenirudisha ni shangazi yangu, mkulima wa viazi Uyole. Tulikuwa tunachambua mbegu, nikamsimulia: watafiti walihesabu magunia ya wakulima, wakazidisha kwa kilo 100. Akaacha kuchambua. "Gunia gani hilo? La lumbesa au la mizani?"

Mwee! Mimi niliyekulia hapahapa, nikiona magunia sokoni Mwanjelwa yakirefushwa juu na kushonwa kwa kamba, sikuuliza! Sheria inataka gunia la viazi lisizidi kilo 100, lakini lumbesa inafika 120, hata zaidi. Kijiji kimoja kikijaza lumbesa na kingine kikapima, ile tofauti ya mavuno waliyoisifia mbolea inaweza kuwa ni ya ujazo tu.

Nikaandika ukurasa mmoja na nusu. Takwimu nzito sikuzigusa, na nikasema wazi sizimudu. Nikasifu walivyochukua udongo, kwa kweli walifanya vizuri, kisha nikauliza gunia lilipimwaje. Baada ya wiki tatu mwandishi mkuu akajibu, na toleo la pili likaja na mahesabu mapya. Barua pepe ile bado ninayo. Naifungua mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri.

Kwa hiyo dada, anza na makala inayogusa kitu unachokijua kwa mikono. Soma walivyofanya kabla hujasoma walichohitimisha. Uliza kwa adabu. Ukikwama, PREreview, mradi wa kuhakiki makala za awali, walioanza 2017 wakiwalenga watafiti chipukizi, wana maswali ya kukuongoza. Na maoni si mapambo: Januari 31, 2020 iliwekwa bioRxiv makala iliyodai kirusi kipya cha korona kina vipande vinavyofanana na vya VVU. Wasomaji wakaichambua hadharani, na ndani ya siku chache waandishi wenyewe wakaiondoa. Sasa ninyi mnaosubiri uprofesa ndipo muulize swali, mnamsubiri nani? Kuuliza hakuombewi kibali!

Jambo moja zaidi: taja aliyekusaidia. Toleo lile la pili lina aya ya shukrani, na jina langu limo. La shangazi halimo. Sikuwaambia kama yupo.