Utajuaje barafuto ilifika wapi zamani

Ndugu, umeuliza utajuaje barafuto, yaani mto wa barafu unaosogea polepole, ilifika wapi kabla haijarudi nyuma. Anza na miamba. Barafu ikisogea huburuta mawe chini yake, nayo huukwaruza mwamba kama msasa. Pitisha kidole, utaihisi michirizi yote ikielekea upande mmoja. Kisha tazama kuta za bonde. Juu kuna mimea, halafu ghafla mwamba mtupu: mpaka huo ndio usawa wa zamani wa barafu. Ukikuta ziwa chini ya barafuto, ule weupe wake, kama maji ya mchele, ni unga wa mwamba uliosagwa. Kule kwenye barafuto ya Mer de Glace, Ufaransa, vibao vya miaka viliwekwa kando ya ngazi za kushukia kwenye barafu kuonyesha ilipofika, na ngazi zenyewe zilikuwa zikiongezwa kila mara kadiri barafu ilivyopungua. Inauma kweli.